Kreti Lililosahau Samaki wa Jana

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie nilivyoianza kazi hii. Saa nimeitundika. Kuandika kumenichukua majuma sita, kwa sababu mtu akistaafu ndipo ndugu wanapogundua kwamba ana nafasi. Mambo ya vyeo sitayagusa. Yamo kwenye faili, na hata humo yamekosewa. Nitawaandikia zaidi kuhusu muhula mmoja niliosoma chuoni somo la kuandika programu kwa kutumia vitu. Kila akija kijana mpya huniuliza kwa nini ndani ya programu yetu samaki wako chini ya jina Mzigo na si Kreti, nami humjibu kwa kifupi kwa kuwa kazi inasubiri. Leo hakuna kinachosubiri.

Nilikuwa kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, mmoja akimfuata mwingine ndani ya mwaka mmoja. Nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu, Mashaka na Leah. Niliacha shule nikawa nauza dagaa mtaa wa Mabatini, Mwanza, na kiwanda chetu cha samaki kilipofunguliwa upande wa Igogo nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimama getini. Walinipa brashi na bomba la maji. Kazi yangu ilikuwa kuosha makreti ya sangara. Kreti linakuja limejaa samaki na barafu, linamwagwa mezani, linaletwa kwangu, nalisugua, na kabla halijakauka linarudi mapokezi kujazwa tena. Kila kreti lilikuwa na namba ya rangi ubavuni. Mpaka leo nikiona namba ishirini na saba mahali popote, hata kwenye tiketi, naona lile kreti lenye ufa mdogo kwenye mkono wa kushoto.

Mapokezi yalikuwa chini ya Bwana Pravin. Alizaliwa Mwanza, na baba yake pia, na ukoo wao ulikuwa na duka mjini kabla sisi hatujazaliwa. Kiswahili alikisema haraka, na Kisukuma alikitumia kugombeza. Ndiye aliyenitoa kwenye bomba na kunifundisha kujaza kadi. Kadi ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye nafasi za kujaza: samaki wametoka mwalo gani, yaani wameshushwa ufuo gani, uzito, saa ya kufika, joto la nyama, namba ya kreti. Siku ya kwanza nilikuja na kalamu ya wino. Akaichukua, akaitumbukiza kwenye ndoo ya barafu, akanirudishia.

"Sasa andika."

Haikuandika.

"Penseli, dada. Hapa kila kitu kina maji, hata mimi." Halafu akaninyooshea kidole. "Samaki wakiingia, kadi mpya. Kadi ya zamani inatundikwa kwenye waya. Hufuti kadi ya jana ukaandika ya leo juu yake, hata kama kadi zimekwisha. Zikikwisha, unakuja kwangu kulia."

Nilijaza kadi kwa miaka mingi. Kisha ikaletwa kompyuta, ikawekwa kwenye kona ya mapokezi ndani ya kisanduku cha kioo ili isilowe, nami nikapewa kazi ya kuingiza kadi ndani yake. Programu yenyewe iliandikwa na fundi wa Dar es Salaam. Ilikuwa inakwama mara kwa mara, na ikikwama tulirudi kwenye waya mpaka fundi apate nafasi ya kuja. Safari moja nilisimama nyuma yake akiwa anafanya kazi.

"Haya maneno unayaandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akitaka kujifunza?"

Alinitazama kuanzia kilemba mpaka miguuni. "Utachoka, mama."

Mimi nilikuwa nimesugua makreti kwa zamu nzima, miaka na miaka, nikiwa nimeinama. Sikuona vipi nitachoka nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Leah alikuwa ameshamaliza uuguzi, Mashaka alikuwa anafundisha shule ya msingi Sengerema, kwa hiyo hapakuwa na ada ya mtu mwingine ya kuogopa. Nilisoma masomo ya jioni, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapita wa kwanza kutoka chini lakini nikapita. Nilisoma cheti, kisha nikajiunga na kozi ya stashahada ya kompyuta. Nilikuwa nimevuka arobaini. Fomu ya kujiunga ilikuwa na mstari wa jina la mzazi au mlezi. Mstari ule ule nilikuwa nimewajazia wadogo zangu, kila shule, kwa jina langu. Nikampelekea Leah fomu atie sahihi.

"Mimi ndiye mlezi wako?" Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, ukiitwa na mzazi wako chuoni, nije na kiboko?"

"Njoo na chai."

Alitia sahihi, halafu akawa anafuta macho, na haikuwa kwa sababu ya kicheko peke yake. Alinikabidhi fomu nikaondoka.

Muhula wa kwanza ulipita salama. Wa pili ndio ulikuwa na somo lile. Lilikuwa somo la lazima, na sheria ya kozi ilikuwa moja: ukilifeli, unadisko, yaani unaondolewa chuoni moja kwa moja. Vipindi vilikuwa mchana. Bwana Pravin aliniombea zamu ya alfajiri kwa muhula huo mmoja tu, na uongozi wa kiwanda ukakubali kwa sharti walilonisomea nikiwa nimesimama. Nikipita, kiti kimoja kilichokuwa kitupu kwenye chumba cha kompyuta cha kiwanda ni changu. Nikifeli, nitarudi mapokezi na habari ya kusoma isisikike tena. Sikuwalaumu. Ni mimi niliyekuwa nimewasumbua.

Siku ya kwanza niliingia mapema nikakaa mbele, kwa sababu ya macho. Mwalimu Kulwa alipoingia, kijana wa miaka isiyofika thelathini, shati limenyooka kama karatasi, aliniona akasimama.

"Mama, shikamoo. Ofisi ya wazazi ni jengo la pili."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kusoma."

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu naye akabaki na tatizo, kwa sababu alikuwa ameshanipa shikamoo mbele ya wanafunzi wake, na mwanafunzi ndiye anayepaswa kusimama mwalimu akiingia. Tulielewana baada ya kipindi: nje ya mlango ananiamkia, ndani ya mlango mimi nasimama. Siku tukikutana mlangoni penyewe, kila mmoja aliangalia simu yake.

Jirani yangu wa dawati alikuwa Eliza, binti wa Nyakato mwenye miaka ishirini na kucha ndefu ambazo hazikumzuia kuchapa haraka kuliko wote. Alijipa kazi ya kunitafsiria.

Na nilihitaji mtafsiri. Mwalimu Kulwa alichora gari ubaoni. Akasema klasi ni mchoro wa gari, nacho kitu ni gari lenyewe linalotengenezwa kwa kuufuata mchoro. Gari lina rangi, lina mwendo, linaweza kuongeza mwendo, linaweza kusimama. Wenzangu waliandika. Mimi sijawahi kumiliki hata baiskeli. Nikamuuliza gari linaongezaje mwendo ndani ya kompyuta na linakwenda wapi.

"Haliendi popote, mama. Ni mfano."

"Sasa kama haliendi, tunalisimamisha la nini?"

Eliza aliinamia dawati. "Mama, chukulia wewe ni klasi, sisi watoto wako ndio vitu."

"Kama ningekuzaa mimi, hizo kucha usingekuwa nazo."

Tulicheka sana, lakini jaribio la kwanza halikuchekesha. Nilipata kumi na moja kati ya arobaini, na mbili kati ya hizo nadhani zilikuwa za kuandika jina vizuri. Nilisahau nukta mkato inayofunga mstari wa programu karibu kila mstari, na kila nilichokiumba kilikuwa gari jekundu. Mwalimu Kulwa aliniita nje. Aliniamkia, kama tulivyokubaliana, kisha akaniambia ukweli.

"Mama, umebakiza mradi na mtihani wa mwisho. Mradi usipovuka nusu, hesabu haifiki, hata ukifanya mtihani vizuri kiasi gani."

"Nimeelewa."

"Tuachane na magari. Kazini kwako unashika nini kila siku?"

"Makreti."

"Basi andika makreti."

Vijana, naomba mnisadiki: sijawahi kupewa ushauri mfupi kuliko huo wala wa maana kuliko huo. Niliporudi kwenye daftari, somo lote likakaa sawa. Klasi ni kalibu ya plastiki kule kiwanda cha makreti. Vitu ni makreti yanayotoka kwenye kalibu, yote sura moja, kila moja na namba yake na kilichomo ndani yake. Nikaandika klasi Kreti. Nikaliwekea namba, uzito, mwalo, saa, joto. Nikaliwekea uwezo wa kujazwa na uwezo wa kumwagwa. Kila siku baada ya zamu nilipitia chuoni nikiwa na harufu ya sangara, Eliza akisogeza kiti kidogo na kunionyesha nukta mkato iliyokosekana. Nilipoliona kreti langu la kwanza likijitokeza kwenye kioo na uzito wake, nilimwita mlinzi wa maabara aje kuona. Alikuja, akasema ni zuri.

Sharti la mradi lilikuwa programu itumike siku tatu mahali pa kazi, msimamizi atie sahihi, halafu uiwasilishe darasani Ijumaa. Nilianza Jumatatu. Bwana Pravin hakuzuia, ila alikataa waya uondolewe. "Kadi zako na kompyuta yako ziende pamoja," alisema. Jumatatu ilikwenda vizuri mno. Makreti yaliingia, namba zikasoma, nikajumlisha, nikalinganisha na kadi, hapakuwa na tofauti hata kilo moja. Nilitembea kwa maringo kidogo siku ile.

Jumanne, zamu ikikaribia kuisha, Bwana Pravin akaja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Jana asubuhi. Kreti ishirini na saba. Samaki wa mwalo gani?"

Nikachapa. Programu ikajibu: mwalo wa Ukerewe, saa nne na robo, leo.

"Nimeuliza jana."

Nikachapa tena. Jibu lile lile.

"Wa jana wako wapi?"

"Wamefutika."

"Wamefutika?" Akanywa chai. "Wamerudi ziwani?"

Alikwenda kwenye waya, akapekua, akaja na kadi yenye mwandiko wangu mwenyewe wa penseli. Kreti ishirini na saba, Jumatatu asubuhi, mwalo mwingine kabisa. Na nyuma yake ilikuwepo kadi nyingine ya kreti hilo hilo, Jumatatu karibu na saa sita, kwa sababu lilikuwa limejazwa mara mbili siku ile. Jumla zangu za Jumatatu zilikuwa sahihi kwa vile nilizijumlisha wakati samaki wanaingia. Samaki wenyewe nilikuwa nawatupa kila kreti lilipojazwa upya.

"Dada, makreti haya umeyaosha miaka mingapi?"

"Mingi."

"Kreti likishaoshwa linakumbuka nini?"

"Halikumbuki kitu."

"Sasa kwa nini umelikabidhi kazi ya kukumbuka?"

Mtu mwingine angeweza kusema hakujua kwamba kreti linarudi kujazwa. Mimi ndiye niliyekuwa nalirudisha. Mnajua wenyewe maana yake: samaki wakionekana wabaya baada ya siku mbili, swali la kwanza ni wametoka wapi. Programu yangu ingemtaja mvuvi wa leo kwa kosa la mvuvi wa jana, na mwalo mzima ungefungiwa milango bure.

Jumatano zamu ilipoisha Bwana Pravin alitia sahihi fomu yangu. Nikamuuliza kama ana uhakika. "Fomu inauliza kama imetumika," alisema. "Imetumika. Kama inafaa, hawajauliza."

Nilimweleza Eliza. Alikuwa na jibu kabla sijamaliza.

"Mama, Ijumaa onyesha jumla za siku moja tu. Jumla za siku moja hazina kosa. Chukua maksi zako, upite, utarekebisha ukishakaa kwenye kiti chako."

"Na akiniuliza siku ya pili?"

"Hawezi kuuliza. Tuko thelathini na mbili, kila mtu dakika kumi. Mama, ukidisko mimi nitakaa na nani?"

Alikuwa na hoja. Zamu nzima ya Alhamisi nilifanya kazi na hoja yake kichwani, na nilipofika chuoni mchana nilikuwa bado sijaamua. Nilifungua programu nikaiangalia. Kilichohitaji kukumbukwa hakikuwa kreti. Kilikuwa kile kilichoandikwa kwenye kadi: samaki waliofika pamoja, siku ile, saa ile, kutoka mwalo ule. Mapokezi tulikiita mzigo. Mzigo mmoja, kadi moja, na kreti lilikuwa mstari mmoja tu ndani ya kadi. Nikaandika klasi mpya, Mzigo, na nilipoiingiza, nusu ya programu ikafa. Kupokea kulifanya kazi. Samaki wa jana walibaki. Lakini ripoti ya siku haikutoka tena, na maabara ilikuwa inafungwa. Mwongozo wa mradi ulisema wazi kwamba ripoti ni lazima.

Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda na programu mbili: moja nzima yenye uongo, nyingine ya kweli iliyo nusu. Kabla yangu alipanda Jofrey, mwenye sauti kubwa kuliko wote, na programu ya gesti ya mjomba wake. Vyumba kumi, rangi nzuri, makofi mengi. Eliza alikuwa na programu ya saluni, viti na wasusi. Makofi tena. Kisha mimi.

Nilionyesha ile nzima kwanza. Wakapiga makofi. Nikawaambia wasubiri. Nikajaza kreti ishirini na saba mara ya pili mbele yao, nikauliza samaki wa kwanza wako wapi, ikajibu ilivyojibu. Eliza alifunika uso kwa mikono. Kisha nikafungua ile nyingine, nikaonyesha mizigo miwili ndani ya kreti moja, yote ipo. "Ripoti haitoki," nikasema. "Sikuwahi kuimaliza. Ndiyo hivyo."

Mwalimu Kulwa alishika kalamu juu ya karatasi ya maksi.

"Mama, kosa lile hakuna aliyeliona. Kwa nini umetuonyesha?"

"Mwalimu, Jumatatu samaki wanaingia, na wewe hutakuwepo. Nitakayeulizwa ni mimi."

Hakuandika. Aligeuka nyuma.

"Jofrey. Gesti yako, chumba namba tatu. Jana alilala nani?"

Jofrey alichapa. Akachapa tena, taratibu zaidi. "Mwalimu… jana hakulala mtu."

"Na leo?"

"Leo kuna mgeni."

"Na wa jana?"

"Nadhani… nimemfuta, mwalimu."

Eliza naye alikuwa ameshafungua saluni yake. "Jamani," alisema, kama mtu aliyeona nyoka, "mteja wa asubuhi kwenye kiti cha kwanza hayupo."

"Ameondoka na nywele au bila nywele?" Jofrey alipiga kelele, na hapo darasa halikutulia tena. Kila mtu alifungua yake. Maktaba ilikuwa imesahau waliokwisha kuazima vitabu. Hospitali ilikuwa na vitanda vinavyokumbuka mgonjwa mmoja tu, wa mwisho. Mwalimu Kulwa alipita dawati kwa dawati akicheka, kisha akaacha kucheka, akarudi ubaoni, akafuta lile gari lililokuwa pale tangu mwanzo wa muhula, akachora kadi.

Maksi zangu lakini hakuzisema. Tulifanya mtihani wa mwisho tukaenda likizo, na kwa majuma mawili sikujua kama nina chuo au sina. Pale mapokezi hakuna aliyeniuliza, na kutokuulizwa kulinichosha kuliko maswali. Siku ya matokeo nilikwenda wakati wa mapumziko ya mchana. Ubao ulikuwa umezungukwa, na miwani nilikuwa nimeisahau. Eliza alipenya katikati ya watu kwa viwiko. Nikamsikia kabla sijamwona.

"Mama! Chupuchupu! Umepita kwa chupuchupu!"

Mwalimu Kulwa alikuwa amenikata maksi zote za ripoti, na alikuwa na haki. Zilizobaki zilitosha, zikiwa na ziada ya mbili.

Nilirudi kazini nikavaa gambuti na koti, nikaingia mapokezi. Bwana Pravin alikuwa kwenye mizani. Hakuinua kichwa.

"Vipi?"

"Nimepita."

"Kwa ngapi?"

"Zinazotosha."

"Na ripoti inatoka?"

"Bado."

"Basi vua gambuti, nenda kaitoe."

Nikavua pale pale. Viatu vyangu vilikuwa kwenye kabati, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Sikutaka kumsubiri, nikiogopa mtu asije akabadilisha mawazo. Nilipanda ngazi kwa soksi zilizolowa, nikaacha alama mpaka kwenye kile kiti kilichokuwa kitupu, nikakaa, nikafungua klasi Mzigo pale nilipoiachia. Nukta mkato nilisahau mara tatu. Niliingiza kadi za kwenye waya, na kwenye saa kumi na moja jioni ripoti ya kwanza ilitoka, jana na leo, kila mzigo na mwalo wake. Nilipoinuka kuipeleka chini, soksi zilikuwa zimekauka.